Kukariri Fomula Katika Elimu ya Mawimbi ya Nuru

Yako mazoea mabaya katika kufundisha elimu ya mawimbi ya nuru, nayo yamedumu muda mrefu hata yamehesabiwa kuwa ndiyo elimu yenyewe. Mwanafunzi hupewa orodha ya fomula sita au saba, akaambiwa ipi ni ya mianya miwili, ipi ni ya mwanya mmoja, ipi ni ya utando wa sabuni. Kisha hufanyishwa mazoezi mpaka mkono wake uzoee kuchagua. Ajibupo sawasawa husifiwa. Nia yangu ni kuyapinga mazoea hayo, wala sitayapinga kwa maneno matupu, bali kwa hesabu zilezile ambazo mwanafunzi husifiwa kwazo.

Natuchukue mianya miwili myembamba iliyoachana kwa milimita 0.25. Nuru yenye wimbi la urefu wa nanomita 600, yaani nuru ya rangi ya chungwa, yapita katika mianya hiyo na kuangukia kiwambo kilicho umbali wa mita 2. Swali lauliza: kutoka katikati ya kiwambo, mstari wa kwanza wa mwanga uko umbali gani? Mwanafunzi azidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa kiwambo, agawanya kwa nafasi iliyo baina ya mianya, apata milimita 4.8. Vema. Sasa iondoe mianya miwili, uweke mwanya mmoja wenye upana wa milimita 0.25, na mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. Azidisha, agawanya, apata tena milimita 4.8. Lakini safari hii mahali hapo pana giza!

Namba ni zilezile, kazi ya mkono ni ileile, na jibu ni kinyume. Aliyekariri atakuambia kuwa fomula hii ni ya mwanga na ile ni ya giza. Mwulize kwa nini; atanyamaza, au atakutajia ukurasa wa kitabu. Mwezi mmoja baadaye atazichanganya, wala hatakuwa na njia ya kutambua kwamba amezichanganya, kwa kuwa akilini mwake hapana kitu kinachozipambanua ila herufi.

Na sababu yenyewe si ngumu. Wimbi lina kilele na bonde. Katika mianya miwili, penye milimita 4.8, nuru ya mwanya mmoja imesafiri zaidi ya mwenzake kwa wimbi moja kamili. Kilele hukutana na kilele, na mwanga huzidi. Katika mwanya mmoja, nuru zinazotofautiana kwa wimbi moja kamili ni ile ya ukingo wa juu na ile ya ukingo wa chini. Lakini kingo si mwanya wote. Baina yake pamejaa nuru, nayo yote yaelekea kiwambo kilekile. Ugawe mwanya kwa fikira uwe nusu mbili. Kila nukta ya nusu ya juu ina mwenzake katika nusu ya chini, na safari za wawili hao hupitana kwa nusu ya wimbi: kilele cha huyu hukutana na bonde la yule, wakafutana, wawili wawili, mpaka pasibaki kitu. Basi swali ni moja katika hali zote mbili: ni nuru zipi zinazokutana hapa, na safari zao zimepitana kwa kiasi gani? Anayejua kuuliza hivyo aweza kuitunga fomula yoyote kati ya hizo juu ya kipande cha karatasi.

Thomas Young, tabibu wa Uingereza, alianza na swali hilohilo. Katika hotuba yake ya mwaka 1803 mbele ya Royal Society ya London alieleza jinsi alivyoingiza mwali mwembamba wa jua chumbani, akaupasua kwa kipande chembamba cha kadi chenye upana wa kama sehemu moja ya thelathini ya inchi. Ndani ya kivuli cha kadi akaona michirizi ya mwanga na giza. Kisha akaiziba nuru iliyopita upande mmoja wa kadi, na michirizi ya kivulini ikatoweka mara moja, ingawa nuru ya upande wa pili ilipita kama kwanza. Hakuhitaji hesabu ndefu ili kusadiki kwamba michirizi ile ilizaliwa na nuru mbili zilizokutana. Mwanafunzi wetu aweza kupata alama zote za mtihani bila ya kulijua jambo hilo.

Ubaya wa kukariri huonekana zaidi katika nyuso zinazorudisha nuru. Utando wa sabuni ulio hewani wenye unene wa robo ya wimbi (namaanisha wimbi lilivyofupika ndani ya utando) hung'aa. Lenzi ya miwani hupakwa magnesiamu floraidi kwa unene wa robo ya wimbi pia, yaani kama nanomita 100 kwa nuru ya kijani, nayo hufanya kinyume: mng'ao wake hupungua. Orodha ya fomula itakuambia uongeze nusu hapa na usiongeze pale. Kumbe jambo ni hili: nuru irudishwapo na kitu ambacho ndani yake huenda polepole zaidi, hupinduka, kilele kikawa bonde. Katika sabuni hupinduka nuru ya uso wa mbele peke yake. Katika lenzi hupinduka zote mbili, kwa kuwa kioo huichelewesha nuru kuliko huo upako. Hata weusi wa povu lililokonda sana, karibu na kupasuka, huelezwa na maneno hayo machache.

Tena kuna kioo kilichochorwa mistari 600 katika kila milimita. Kwa nuru yetu ya rangi ya chungwa, saini ya pembe ya mwali wa kwanza ni 0.36, na pembe ni nyuzi 21. Aliyezoea njia ya mkato ya milimita 4.8 ataitumia hapa pia na kusema kwamba mwali huo huangukia sentimita 72 kutoka katikati ya kiwambo cha mita 2, hali uko penye sentimita 77. Ile njia ya mkato ni ya pembe ndogo tu, na hakuna aliyemwambia. Akitafuta mwali wa tatu, saini ni 1.08, na kikokotoo humwandikia kwamba pana kosa. Hufuta, huanza upya, hulaumu betri. Lakini hapana kosa lolote. Mwali wa tatu haupo, na kikokotoo kimemjibu swali ambalo hakujua kuwa ameliuliza.

Watetezi wa orodha husema kwamba muda ni mfupi na mtihani haungoji. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kukariri fomula saba pamoja na vighairi vyake kungekuwa kwepesi kuliko kujifunza swali moja. Husema tena kwamba mimi naidharau hesabu. La hasha! Mwaka 1818 Augustin Fresnel alipopeleka kazi yake kwenye shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris, Poisson, aliyekuwa mmoja wa waamuzi na hakuyaamini mawimbi, aliikokotoa nadharia ile mpaka mwisho wake, akatoa tokeo aliloliona kuwa upuuzi mtupu: kwamba katikati ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na nukta ya mwanga. Arago akajaribu, na nukta ilikuwapo. Fresnel akapewa tuzo mwaka 1819. Hesabu ya Poisson ilikuwa sahihi kwa kuwa alijua kila sehemu yake inahesabu nini, hata alipokuwa adui wa nadharia.

Ninachowadai watungaji wa mitihani si kikubwa. Mwaka mmoja tu, badala ya kuuliza mstari wa kwanza uko wapi, waiandike hiyo milimita 4.8 katika swali lenyewe, waichore mianya miwili upande mmoja wa karatasi na mwanya mmoja upande wa pili, kisha wamtake mtahiniwa aeleze, bila ya fomula hata moja, kwa nini huku pana mwanga na huku pana giza.