Faida ya Kilombero Imeandikwa Ukurasa Gani?

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kilo moja ya sukari ilipita shilingi 4,000 katika maeneo mengi ya nchi yetu. Mama lishe alipunguza vijiko, na muuza chai wa stendi akapandisha bei ya kikombe. Serikali ilitangaza bei elekezi, maduka mengi yakaendelea na bei yake. Wenye viwanda walisema mvua za El Nino zimejaza maji mashambani na miwa haivuniki. Serikali nayo ilielekeza kidole kwa wenye viwanda. Ilipofika Juni, mabishano ya vibali vya kuagiza sukari yalikuwa yamechafua hewa bungeni hadi mbunge mmoja akasimamishwa vikao 15, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikampa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mamlaka ya kuagiza na kuhifadhi sukari.

Nilifuatilia mjadala ule tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisikia hasira, nikasikia vijembe, nikasikia uzalendo ukitajwa mara nyingi kuliko miwa. Sikusikia mtu hata mmoja akisoma hadharani hesabu za kiwanda: kilo moja inazalishwa kwa gharama gani, mkulima anapata kiasi gani ndani yake, mwenye kiwanda anabaki na kiasi gani, na hazina ya taifa inapata nini. Taifa zima liligombana juu ya faida ambayo halijawahi kuoneshwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sukari yetu ina daftari. Tatizo ni kwamba daftari lenyewe limeandikwa kwa namna ambayo wewe na mimi hatuwezi kujikuta ndani yake. Na hoja yangu leo ni kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Limeruhusiwa na kanuni za uhasibu, na Serikali yetu imeridhika nalo.

Chukua mfuko wa Bwana Sukari dukani. Umetoka katika viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, mkoani Morogoro, kampuni iliyobinafsishwa mwaka 1998. Serikali ya Tanzania imebaki na asilimia 25 ya hisa. Asilimia 75 ni za Illovo, kampuni ya sukari yenye makao yake Afrika Kusini. Illovo nayo ni mali ya Associated British Foods ya London, kampuni ile ile yenye chai ya Twinings, kinywaji cha Ovaltine, mikate ya Kingsmill, na maduka ya nguo ya Primark.

Sasa fungua taarifa ya mwaka ya kampuni hiyo mama. Ni kitabu kinene, kimekaguliwa, kina picha nzuri. Ndani yake biashara yote imegawanywa katika sehemu tano: vyakula vya dukani, sukari, kilimo, viambato, na rejareja. Kwa kila sehemu utaona mauzo, faida ya uendeshaji, mali na uwekezaji. Jipe zoezi ambalo nimewapa wanafunzi wangu mara kadhaa: tafuta faida ya Kilombero. Utafika kwenye sehemu ya sukari, na hapo mlango unafungwa. Sukari ya viazi ya Uingereza, sukari ya Hispania na sukari ya miwa ya Kusini mwa Afrika zimemiminwa katika gunia moja lenye faida moja. Ukikimbilia jedwali la kijiografia, hali ni ile ile. Kwa miaka mingi jedwali hilo lilikuwa na fungu liitwalo Ulaya na Afrika. Kidatu imewekwa fungu moja na Madrid na Dublin, miwa ya mkulima wa Msolwa ikajumlishwa na mauzo ya suruali.

Kampuni haikuvunja sheria yoyote kufanya hivyo, na hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kiwango cha kimataifa kinachotawala taarifa za sehemu za biashara, ambacho wahasibu hukiita IFRS 8, kilitolewa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2009. Kiwango kilichotangulia, IAS 14, kiliitaka kampuni ijieleze kwa njia mbili: kwa aina ya biashara na kwa eneo la kijiografia. IFRS 8 kilibadilisha swali. Kilisema: gawanyeni biashara kama mfanya maamuzi mkuu wa kampuni anavyoigawanya anapoiendesha. Msomaji anapewa macho ya bosi. Kama bosi anaitazama dunia kwa bidhaa, basi dunia itaandikwa kwa bidhaa, na nchi zitayeyuka.

Kuna kizingiti pia. Sehemu hulazimika kuoneshwa peke yake ikiwa imefikia moja ya kumi ya mapato, ya faida au ya mali za kundi zima. Mapato ya Associated British Foods mwaka 2024 yalikuwa takriban pauni bilioni 20. Kwa kipimo cha mapato, moja ya kumi yake ni pauni bilioni 2. Kilombero haitafika hapo hata mitambo yake isage miwa usiku na mchana bila kusimama. Kwa jicho la London ni kitu kidogo kisichostahili mstari wake. Kwa jicho la Morogoro ni ajira, ni ardhi, ni maji ya mto, ni ada za shule za watoto wa maelfu ya wakulima wadogo. Kiwango cha uhasibu kimechagua jicho moja kati ya hayo mawili, kisha kikauita uchaguzi huo utaalamu.

Kuhusu nchi, kiwango hicho kinaridhika na mapato na baadhi ya mali za kudumu, tena kwa nchi ambayo kampuni yenyewe inaiona kubwa vya kutosha. Hakidai faida kwa nchi, wala kodi, wala idadi ya wafanyakazi. Wakati kinajadiliwa, wanaharakati wa muungano wa Publish What You Pay walidai kampuni zitoe hesabu nchi kwa nchi. Hawakusikilizwa. Na kikomo cha mwisho ni hiki: IFRS 8 kinazibana kampuni ambazo hisa au hati zao za deni zinauzwa sokoni. Kilombero haimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo kule juu inamezwa, na huku chini haidaiwi.

Mtu ataniambia kwamba ndivyo biashara zilivyo, na hapakuwahi kuwa na njia nyingine. Si kweli. Illovo ilipokuwa imeorodheshwa katika soko la hisa la Johannesburg, taarifa zake za mwaka zilionesha mchango wa kila nchi: Malawi, Zambia, Afrika Kusini, Swaziland, Tanzania, Msumbiji. Mwananchi mwenye subira angeweza kuona nchi ipi inazaa faida na kwa kiasi gani. Mwaka 2006 Waingereza walichukua asilimia 51. Mwaka 2016 wakanunua hisa zote zilizobaki na Illovo ikaondolewa sokoni. Nuru iliyokuwepo ikazimwa kwa muamala mmoja halali. Hakuna bunge lolote la nchi zile sita lililoulizwa.

Tazama tofauti inayoletwa na nuru hiyo. Kampuni ya Zambia Sugar imeorodheshwa Lusaka, hivyo hesabu zake ni za wazi. Mwaka 2013 shirika la ActionAid lilizichambua hesabu hizo na kudai kwamba malipo yaliyokuwa yakienda kwa kampuni dada za nje, yakiwemo ya Ireland, yalipunguza kodi iliyopaswa kubaki Zambia. Kampuni ilikanusha kwamba ilikwepa kodi na ikatoa maelezo yake. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka uone ni kwamba pale kulikuwa na mjadala wa kweli: madai yenye tarakimu, majibu yenye tarakimu, na raia katikati mwenye uwezo wa kupima. Sisi mwaka 2024 tulikuwa na matusi.

Kuna pingamizi tatu ambazo huletwa, nami nitazijibu kwa heshima.

La kwanza ni siri za biashara. Inasemwa kwamba mshindani akiona hesabu za Kilombero ataitumia fursa hiyo kuiumiza. Lakini Zambia Sugar na Illovo ya Malawi huchapisha hesabu zao, zote zikiwa chini ya mwenye mali yule yule, na hazijafilisika kwa sababu ya kusomwa. Siri inayolindwa Tanzania na kuanikwa Lusaka na Blantyre inamficha mtu mwingine, si mshindani.

La pili ni gharama. Hili halihitaji maneno mengi. Hesabu zenyewe zipo tayari na hukaguliwa kila mwaka. Bila hizo kampuni mama isingeweza kuandaa hesabu za kundi. Kinachokosekana ni kuziweka mahali penye macho ya watu.

La tatu ndilo zito zaidi: kwamba Mamlaka ya Mapato inazo hesabu zote na Serikali ina wawakilishi wake kwenye bodi, kwa hiyo mwananchi ametunziwa maslahi yake. Naijibu hivi. Taarifa za mlipakodi ni siri kwa mujibu wa sheria, na mjumbe wa bodi anafungwa na usiri wa bodi. Aliyetunziwa kitu ambacho hawezi kukiona wala kukiulizia hana tofauti na asiye na kitu. Asilimia 25 ya Kilombero si mali ya afisa fulani wa wizara. Ni mali ya Watanzania, inasimamiwa na Msajili wa Hazina kwa niaba yao. Katika kampuni gani nyingine mwenye robo ya hisa huelezwa habari za mali yake kwa kuoneshwa mfano wa hundi kubwa ya plastiki siku ya gawio, watu wakapiga makofi, kisha akarudishwa nyumbani bila mizania? Gawio bila hesabu ni sawa na posho ya mtoto. Anaipokea kwa furaha kwa sababu hajui mshahara wa baba.

Tena tusitarajie mataifa mengine yatufungulie dirisha. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2021 sheria ya kuzitaka kampuni kubwa zichapishe hesabu za kodi nchi kwa nchi. Inazitaja nchi wanachama moja moja, pamoja na zile zilizowekwa katika orodha yake ya nchi zisizotoa ushirikiano wa kikodi. Dunia nyingine yote inaruhusiwa kujumlishwa katika mstari mmoja. Wamejitungia sheria kwa ajili ya macho yao. Nasi tuna bunge.

Tangu mwaka 2004, kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu. Kuvitumia hakukutuondolea haki ya kudai zaidi ya vinavyodai. Viwango hivyo ni sakafu. Serikali imevifanya dari.

Ninapendekeza mambo matatu, na ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wayapeleke mezani kwao. Kwanza, kila kampuni ambayo umma una hisa ndani yake, hata ziwe chache, ichapishe hesabu zake kamili zilizokaguliwa kila mwaka, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na malipo yote kwa kampuni dada: ada za usimamizi, mrabaha, riba, na bei za mauzo ya ndani ya kundi. Pili, leseni ya kuzalisha sukari iambatane na sharti la kuonesha hesabu za shughuli hiyo peke yake, ziwe wazi kabla ya Serikali kupanga bei elekezi au kutoa kibali cha kuagiza. Tatu, mkulima wa miwa anayelipwa kwa uzito na kwa kiwango cha utamu kinachopimwa na maabara ya kiwanda apewe haki ya kuona mapato ya sukari ambayo malipo yake hukokotolewa kutoka humo.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Mmefundishwa kwamba uhasibu ni lugha ya biashara. Kila lugha ina maneno iliyoyakataa. Mkisoma taarifa ya fedha, msiishie kujumlisha yaliyoandikwa. Ulizeni nani aliamua mistari ianzie wapi na iishie wapi.

Sukari itapanda bei tena, kwa maana mvua haina mkataba na mtu. Siku hiyo waziri atasimama na mwenye kiwanda atasimama, na kila mmoja atatuambia tumwamini. Tusiwajibu kwa kelele. Tuwaulize wote wawili swali la zoezi letu: faida ya Kilombero imeandikwa ukurasa gani? Mpaka hapo watakapoutaja ukurasa huo, anayetuambia kwamba bei ni ya haki, au kwamba si ya haki, anatubahatishia.