Motokaa ya Paa la Turubai

Ndugu zetu mliokwisha maliza shule hapa na sasa mko kazini Uingereza, nasikia wengi mwatamani motokaa ya viti viwili yenye paa la kukunjwa. Vema, lakini mshahara ni ule ule unaongojewa na nyumbani. Mimi nasema nunueni Mazda MX-5 iliyokwisha tumika, mwende nayo kazini kila siku.

Wapo wasifuo MGB. Sura yake nzuri, sikatai. Bali iliacha kutengenezwa mwaka 1980, nayo yamtaka mtu apendaye kushinda Jumapili chini ya gari. Mazda hii ilionyeshwa kwanza Chicago mwaka 1989, na mwaka 2016 ile ya milioni 1 ilitoka kiwandani Hiroshima. Vipuri si shida.

Adui yake ni kutu. Maji ya mvua hutoka katika turubai yakashuka kwa vitundu vilivyo nyuma ya milango. Majani yakiviziba, maji huingia katika vyuma vya chini ya milango na kuvila kwa ndani, huku rangi ya nje yang'aa kama ya bwana harusi! Basi piga magoti, viguse vyuma hivyo kabla hujaisikiliza injini. Dirisha la nyuma la zile za kwanza ni la plastiki, hupasuka upesi. Toleo lililotoka mwaka 1998 lina kioo.

Tena huko magari ya umri huo hupimwa kila mwaka, na matokeo husomwa bure kwa namba ya gari. Yasomeni kabla hamjalipa nauli kwenda kuiona.