Taa ya barazani imulike ngazi, si barabara

Bibi anatoka sebuleni saa nne usiku kwenda choo cha nje. Macho yake yamezoea mwanga wa ndani. Anafungua mlango, na juu ya kichwa chake kuna taa nyeupe kali iliyofungwa kwa kuogopa wezi, inamulika geti na barabara. Kivuli chake mwenyewe kinaangukia mbele yake na kuziba ngazi ya pili. Anaikosa.

Ngazi hiyo moja inatosha kuvunja nyonga. Mzee aliyevunjika nyonga haumwi mfupa tu. Akilala muda mrefu hufuatwa na vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni na nimonia, na wengi hawarudi kutembea kama zamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza. Pamoja na hayo, familia inayojenga huhangaika na bei ya vigae na milango, halafu taa ya nje inaachiwa fundi aifunge pale waya unapofikia.

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni haipanuki vizuri gizani na lenzi imeanza kuwa ya njano. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kununua taa kubwa zaidi. Hapo ndipo wanapokosea. Taa kali inayopiga machoni humpofusha mzee, hasa mwenye mtoto wa jicho. Anachohitaji ni mwanga unaoanguka sakafuni, na taa yenyewe asiione. Taa mbili ndogo za wati 5, zenye kifuniko kinachoelekeza mwanga chini, moja pembeni mwa ngazi usawa wa goti na nyingine kwenye njia ya chooni, zitamsaidia kuliko ile moja kubwa ya juu. Na Luku haitalalamika.

Angalia pia rangi ya mwanga. Kwenye boksi la taa huandikwa namba: 2700K au 3000K ni mwanga wa njano, 6500K ni mweupe wa kuelekea bluu. Huo wa pili huuambia ubongo kwamba bado ni mchana na kupunguza homoni ya usingizi. Kama taa ya baraza inaingia dirishani kwa watoto, msishangae wakichelewa kulala.

Mwanga mweupe huita wadudu zaidi pia. Msimu wa mvua huja na Nairobi fly, ambaye kwa kweli si nzi bali ni mbawakavu mwembamba wa rangi nyeusi na chungwa. Hang'ati. Sumu yake hutoka akipondwa, na ngozi huungua na kutoa malengelenge. Mzazi, mfundishe mtoto asimpige akimtua shingoni. Ampulize aondoke, kisha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji, na asijiguse machoni. Mbu wa malaria ni habari nyingine. Huyo hufuata zaidi pumzi, joto na harufu ya mwili, kwa hiyo kubadilisha taa hakuondoi haja ya chandarua.

Taa ya nje iwe ya kuhimili mvua, yenye alama ya IP65, na waya upite ndani ya bomba, si kuning'inia karibu na kamba ya kuanikia nguo. Taa za sola ni nzuri na hazina hatari ya shoti, ila siku za mawingu nyingi hufifia kabla ya alfajiri, saa ambayo wazee wengi huamka kwenda kuswali au chooni. Zijaribu saa kumi na moja asubuhi kabla ya kuziamini.

Swichi iwe ndani, kabla ya mlango, mahali ambapo mzee anaifikia bila kupapasa. Na kama fedha ya taa haipo mwezi huu, nunua kopo dogo la rangi nyeupe upake ukingo wa kila ngazi, upana wa vidole vitatu, leo kabla jua halijazama.