MAONI: PIKIPIKI ING'AE, LAKINI KWA MAJI YA NANI?



Kila Jumapili asubuhi mnaona wenyewe pale lamboni. Vijana wetu wa bodaboda wanaingiza pikipiki majini mpaka nusu gurudumu, sabuni ya unga inamwagwa, stili waya inasugua ekzosi kweche kweche. Hatua chache kutoka hapo mama anachota ndoo na ng'ombe wanakunywa. Mimi nasema jambo hili halifai. Na nasema tena kwamba hata hiyo pikipiki yenyewe haifaidiki.

Wako wazee wanaosema kung'arisha pikipiki ni mashauo tu. Hapo siko pamoja nao. Pikipiki nyingi hapa ni za mkataba: kijana anapeleka hesabu kwa tajiri wake mpaka chombo kiwe chake. Kama siku hiyo chombo kimeshaliwa na kutu, amefanya kazi ya nini? Kusafisha ni kulinda mali. Tunachobishania ni namna ya kusafisha.

Kwanza tujue tunasugua nini. Watu wanaita kila kinachong'aa stenlesi, na si kweli. Kwenye pikipiki zetu za bei ndogo sehemu kubwa ya ule mng'aro ni kromu, yaani chuma cha kawaida kilichovikwa ngozi nyembamba ya madini. Stenlesi yenyewe imechanganywa kromu humo humo ndani, si chini ya asilimia 10.5. Ile kromu ikikutana na hewa hujifanyia utando usioonekana kwa macho, na ukichubuka hujirudishia wenyewe. Kromu ya kuvikwa haijirudishii. Ukiipiga msasa mpaka chuma cha chini kitokee, basi, mvua za masika zitamalizia kazi.

Chukua smaku ya spika mbovu ya redio ujaribu. Ikinata sana, mara nyingi ni chuma kilichovikwa kromu. Isiponata kabisa, pengine ni stenlesi, lakini pia inaweza kuwa alumini. Tahadhari, ziko stenlesi za ekzosi na za diski ya breki zinazonata smaku, kwa hiyo usiape mbele ya wenzio.

Sasa stili waya. Huu ndio ugomvi wangu mkubwa. Ukiisugua kwenye stenlesi inaacha mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo inaacha unga wa chuma chake. Baada ya siku chache unga ule unapata kutu, na mwenye pikipiki anakwenda dukani kugomba kwamba ameuziwa stenlesi bandia. Kutu ile ameileta mwenyewe! Jiki nayo ni hivyo hivyo, inatoboa stenlesi vishimo vidogo. Msithubutu kuichanganya na limau au siki, hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Wanaobeba samaki wa chumvi toka Tanga na Pangani waimwagie pikipiki maji baridi siku ile ile, injini ikishapoa, maana chumvi hailali.

Nyumbani kazi ni ndogo. Pangusa vumbi hili letu jekundu kwanza kwa maji kidogo, maana vumbi kavu ukilisugua ni msasa tosha. Kisha sabuni ya kipande na kitambaa cha kanga kuukuu. Penye doa sugu la stenlesi paka dawa ya meno, au majivu yaliyochekechwa vizuri yasiwe na mchanga, sugua kufuata mistari ya chuma, suuza, kausha. Mama zetu wanafanya hivyo kwa sufuria miaka yote. Ila majivu yasiguse injini, ile ni alumini na itapiga weusi. Kutu changa juu ya kromu itoe kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, polepole. Foili ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi. Ile rangi ya buluu karibu na injini imeletwa na moto. Hata ukiitoa itarudi, usipoteze hela yako.

Kuna jambo moja naliandika kwa herufi kubwa: DISKI YA BREKI USIIPAKE MAFUTA WALA DAWA YOYOTE YA KUNG'ARISHA. Wapo wanaoipaka mafuta ya nazi eti ipendeze. Breki inashika kwa kusuguana. Ukiilainisha unashuka mteremko wa Bungu au Vugiri na abiria mgongoni huku mkono unabana bure. Diski inatoshwa na maji safi ya sabuni, isuuzwe na ikauke.

Na brashi je? Tunazo hapa hapa tunazikanyaga. Huko viwandani ng'ambo stenlesi inang'arishwa kwa magurudumu ya katani, katani hii hii ya mkonge, ulioletwa pwani yetu mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, ikasalimika miche 62 tu. Leo mashamba ya Korogwe yamejaa mkonge, sisi tunanunua waya wa kuharibia pikipiki. Fungu la nyuzi fupi likifungwa vizuri ni brashi, na halikwaruzi kama waya.

Kwa hesabu yangu ndoo moja inatosha pikipiki moja, na kazi ya kung'arisha haimalizi hata lita. Ndoo hiyo kwa sisi wa Handeni imebebwa na kichwa cha mtu, na kichwa hicho mara nyingi ni cha mama au binti. Anayeosha ni kijana mwenye nguvu na chombo cha magurudumu mawili. Basi ajaze madumu aje nayo, aoshee mbali na lambo, sabuni iishie kwenye udongo.

Naomba halmashauri iweke mambo mawili kwenye mkutano ujao: pikipiki zisiingie lamboni, na akina mama wanaosuka kamba wapewe kazi ya kufunga brashi za katani ziuzwe kwenye duka letu. Mwenye hoja tofauti aiandike, nafasi nimeiacha hapa chini upande wa kushoto.

Mwanachama mwenzenu.