Nyaraka za Kenya Zafanya Nini Kew?

Ndugu zangu Wakenya mlioko Uingereza,

Kila Oktoba ikifika, Siku ya Mashujaa, tunabishana mpaka usiku wa manane: nani alipigania uhuru, nani alikuwa homugadi, Mau Mau walikuwa wangapi. Wengi wetu hatujagusa hata karatasi moja ya wakati ule. Nimechoka na kelele hizo, kwa hiyo mwezi uliopita nilichukua siku zangu mbili za mapumziko baada ya zamu za usiku nikaenda Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Kuingia ni bure. Unaonyesha kitambulisho na barua yenye anwani yako, unapewa kadi ya msomaji, kalamu ya wino unaiacha nje, unaingia na penseli. Unaagiza faili, unaletewa. Kundi lenyewe linaitwa FCO 141. Nilitoka pale na hasira ambayo bado haijatulia.

Tarehe 3 Desemba 1963, siku 9 tu kabla ya uhuru, mafaili ya serikali ya kikoloni yapatayo 1,500 yalipakiwa kwenye ndege Nairobi yakaletwa Gatwick. Mwaka 1967 Kenya iliyadai. Ikanyimwa. Mwishowe yakafichwa Hanslope Park, mahali penye ulinzi mkali, na serikali ya hapa haikukiri kuwa inayo mpaka 2011, wazee wetu walipokuwa wameishtaki kwa mateso ya kambini. Kumbe kulikuwa na mafaili kama 8,800 ya makoloni 37! Yakaanza kupelekwa Kew mwaka 2012. Mwaka uliofuata serikali ikasema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa watu 5,228.

Na hayo ni yale yaliyosalia. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Maagizo yalieleza hata namna ya kuangamiza: majivu yapondwe, na makasha yakitupwa baharini yawe na uzito, kwenye kina kirefu pasipo mkondo. Kwetu Kenya mafaili ya siri yaligongwa muhuri wa herufi W, na ofisa asiyekuwa Mwingereza wa asili ya Ulaya hakuruhusiwa kuyashika.

Mimi ni muuguzi. Nikichana ukurasa mmoja wa faili la mgonjwa kwa sababu unanitia aibu, nitafutwa kwenye rejista na kazi sitaipata tena nchi hii. Wiki ya kwanza chuoni tulifundishwa kwamba lisiloandikwa ni kama halikutendeka. Wakoloni walilijua somo hilo kutushinda. Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Maiti zilipochunguzwa, majeraha yakasema mengine. Je, ni Hola ngapi ambazo karatasi zake ni majivu?

Sasa nasikia wenzetu, tena wenye digrii, wakisema: "Zikirudi Nairobi zitaoza." Aibu gani hii? David Anderson na Caroline Elkins, wote wawili, walitoa vitabu vyao kuhusu Mau Mau mwaka 2005, miaka sita kabla ya siri ya Hanslope kufichuka. Karatasi nyingi walizozitegemea walizisoma wapi? Nairobi, pale pale Moi Avenue! Na tangu lini mwizi akamuuliza mwenye mali kama kabati lake lina kufuli?

Wengine wanasema tupige picha tu. Sawa, mimi naweza, ninaishi hapa. Lakini mzee wa Nyeri ambaye kaka yake alipelekwa Manyani hakurudi, yeye alipe viza ya zaidi ya pauni 100, isiyorudishwa hata akinyimwa, aonyeshe akiba ya benki, akate tiketi ya ndege, ili asome habari za nyumbani kwake?

Wala nisiwasamehe wakubwa wetu. Marufuku dhidi ya Mau Mau ilifutwa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Ikulu Mei 2013, na tangu hapo imelala. Kambi zile hazikuendeshwa na Wazungu peke yao. Kulikuwa na machifu, homugadi na wapelelezi, na baadhi ya watoto wao wamekalia viti vikubwa. Kwa maoni yangu ndiyo sababu Nairobi inadai kwa sauti ya mgonjwa wa koo.

Basi tudai sisi. Mwandikie mbunge wa eneo lako hapa, umuulize kwa nini nyaraka asilia zisirudi Kenya na nakala zikabaki Kew. Uandikie na ubalozi wetu, uulize wamedai lini mara ya mwisho, na kwa barua ipi. Aliye karibu na London achukue kadi ya msomaji kabla ya Oktoba. Kituo ni Kew Gardens, na Jumamosi pako wazi.