UDONGO UPIMWE KABLA YA VIWANJA

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata meli ambayo leo tunaiita Liemba ikaingizwa majini hapo hapo, baada ya kuletwa vipande vipande na kuungwa. Tangu siku hizo ukingo wa ziwa mjini Kigoma umekuwa mahali pa kazi. Bandari, karakana, maghala ya mafuta na mitambo ya umeme vimesogeleana hapo kwa sababu ndipo reli na meli zinapokutana.

Sasa kazi hizo zinabadilika. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Umeme wa Gridi ya Taifa umekwisha kuingia mkoani, na mitambo ya dizeli iliyonguruma kwa miaka mingi inapumzishwa. Hapana shaka kwamba sehemu ya ardhi iliyotumiwa kwa shughuli za zamani itatakiwa kwa nyumba, masoko, maduka na shule. Hilo ni jambo jema, kwani mji unaokua unahitaji nafasi.

Lakini ardhi ya karakana si sawa na shamba lililolala. Penye jenereta humwagika dizeli na oili chafu. Penye betri hubaki madini ya risasi. Mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na sumu isiyooza kwa miaka mingi, na mabati ya asbesto yakivunjwa hutoa vumbi linalodhuru mapafu. Hatusemi kwamba kiwanja fulani cha Kigoma kina sumu. Tunasema kwamba hakuna awezaye kuapa kuwa hakina mpaka kipimwe.

Majirani zetu wamekwisha kulipa gharama ya kutopima. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliacha kazi mwaka 2014, lakini risasi ilibaki katika udongo na katika damu za wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wananchi hao walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Lakini hakuna fedha inayoweza kurudisha akili ya mtoto iliyodumazwa na risasi.

Kigoma ina sababu nyingine ya kujihadhari, nayo ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu mno. Wala ukingo wake hautulii mahali pamoja. Ujiji, ambako Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 karibu na maji, leo kumbukumbu yao iko mbali na ufuko, kwa kuwa ziwa lilishuka baada ya mwaka 1878. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia katika majengo ya mwambao. Maji yakipanda juu ya udongo wenye sumu, hurudi ziwani na sumu hiyo, na dagaa wanaoanikwa mchangani Kibirizi na Katonga huliwa mbali sana na Kigoma.

Upimaji wenyewe si muujiza. Kwanza hukusanywa historia ya eneo: ramani na majalada ya zamani, pamoja na kumbukumbu za wazee waliofanya kazi relini na bandarini, wanaojua oili ilimwagwa wapi. Kisha eneo hukaguliwa kwa miguu. Baada ya hapo huchimbwa mashimo, na udongo na maji ya chini huchukuliwa katika vina mbalimbali na kulinganishwa na viwango vya ubora wa udongo vilivyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Mwisho huamuliwa matumizi: mahali pasipofaa bustani ya mchicha na watoto wanaochezea mchanga panaweza kufaa ghala lenye sakafu ya zege.

Gharama nayo isitupwe kwa mnunuzi maskini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekubali kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Basi shirika au kampuni inayoondoka, iwe ya umma au ya binafsi, ikabidhi eneo pamoja na taarifa ya udongo wake, na Manispaa ya Kigoma Ujiji isipokee funguo bila taarifa hiyo.

Hapa watumishi wa umma wana wajibu mkubwa. Mpima ardhi asipige bikoni kabla Ofisa Mazingira hajatia sahihi. Ofisa Afya aulize visima vitachimbwa wapi. Walimu nao, wanapoonyeshwa mahali pa kujenga darasa, waulize palikuwa na nini zamani. Isije shule ikapewa kiwanja ambacho hakuna mwingine aliyekitaka.

Tunajua Halmashauri zinahitaji mapato ya viwanja, na wananchi wamechoka kusubiri. Lakini miezi michache ya kupima ni mifupi kuliko maisha ya mtoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Udongo wetu usifichwe. Upimwe, na majibu yatangazwe kwa wananchi watakaoishi juu yake.