SEHEMU YA 4: Waranti siyo fadhila, ni deni

Akina mama na akina baba wenye watoto wadogo, leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea betri ya gari. Msicheke. Saa tisa usiku, mwezi wa sita, uko Uyole au Mafinga, mtoto ana degedege na gari halishtuki: hapo betri imeshakuwa suala la afya.

Nasema wazi. Muuzaji anayekuuzia betri ya bei mbaya kwa ahadi ya "waranti mwaka na nusu", halafu ikifa mwezi wa saba anaanza kukutafutia makosa, huyo anakuibia. Waranti umeshailipia. Imo ndani ya ile bei.

Yaliyonikuta mwenyewe ni haya. Nilinunua betri kavu ya daraja la juu kwenye duka moja hapa Mbeya, karibu mara mbili ya bei ya betri ya kawaida. Mwezi wa saba stata ikawa inalia tik tik tu. Nikairudisha na risiti na kadi. Kijana wa kaunta akaitazama, akasema, "Dada, gari lako ndo linaua betri." Mita hajashika! Safari ya pili, bosi hayupo. Ya tatu, kadi haina muhuri, muhuri ambao walitakiwa kuugonga wao siku ya kuuza. Ya nne, "tutaituma Dar ikapimwe." Mpaka leo naambiwa nisubiri.

Niwaulize. Mama akija na mtoto ana homa, mimi nesi naruhusiwa kumtazama usoni na kusema "hii malaria, kameze dawa"? Hapana. Napima, naandika majibu, mama anayaona. Iweje anayeuza betri ya laki kadhaa atoe majibu kwa macho?

Tena kupima ni kazi ndogo. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji, ikipumzika saa chache, inasoma volti 12.6 hivi au zaidi kidogo. Gari likiwaka, mita pale kwenye betri kwa magari mengi isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu muda wote, altaneta haichaji na duka halina kosa. Ikipanda kupita 15, betri inaungua. Ila kama chaji iko sawa, gari likizimwa hakuna kinachonyonya umeme, na betri bado haishiki, basi betri ndiyo mbovu. Dakika kumi zinatosha.

Wauzaji watasema na sisi tuna makosa. Ni kweli kiasi. Ukiendesha nyumbani mpaka sokoni Mwanjelwa na kurudi tu, betri haipati muda wa kujaa. Taa ikilala inawaka, inaumia. Baridi yetu nayo inapunguza nguvu ya kuwasha. Lakini baridi haiui betri nzima, inaiumbua ile iliyokwisha kuchoka. Na betri ikikaa miezi mingi dukani bila kuchajiwa, sahani zake za risasi zinajenga ukoko na uwezo unashuka kabla hujaigusa. Mimi chanjo nasoma tarehe kabla ya kuchoma. Na wewe betri soma tarehe kabla ya kulipa.

Lingine: baadhi ya magari tunayoagiza Japani yanazima injini yenyewe kwenye foleni na kuwasha tena. Hayo yanataka betri ya aina yake. Ukiwekewa ya kawaida, itakufa mapema. Kulijua hilo ni kazi ya nani, ya kwako mwenye mtoto mgongoni au ya mtu anayeuza betri kila siku?

Sheria haiko upande wao. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji unataka kitu cha kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kabla ya kulipa, omba mita. Chini ya 12.4, iache hapohapo. Uliza tarehe ya kutengenezwa, na wakuonyeshe ilipochapwa.

2. Dai risiti ya EFD yenye jina la betri. Kadi ijazwe namba ya betri, tarehe na muhuri MBELE YAKO.

3. Siku ya kufunga, fundi apime chaji ya altaneta, aandike kwenye kadi. Hiyo ndiyo kinga yako wakisema gari lako bovu.

4. Ikifa, usiiache dukani bila karatasi ya kupokelewa. Wapime ukiona. Wakikataa kubadilisha, waandike sababu. Ukitamka "niandikie", wengi wanabadilika sauti.

5. Wakigoma, nenda Tume ya Ushindani, FCC, na vielelezo vyako. Ukihisi ni feki, hao hao FCC wanashughulika na bidhaa bandia. Ubora chini ya kiwango, ni TBS.

Na hapa naongea kama nesi kabisa. Usikubali kukaa na betri mbovu ndani ukisubiri "simu kutoka Dar". Ndani yake kuna risasi na tindikali. Tindikali inaunguza ngozi na macho. Ikimrukia mtoto, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, kisha hospitali. Risasi yenyewe inaharibu ubongo wa mtoto polepole, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia watoto sumu, na mtoto wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, alikuwa mmoja wao. Mama huyo alipigana mpaka kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Kwa hiyo betri isivunjwe uani, wala kuwekwa jikoni.

Tumezoea kusema "basi, yaishe", kwa sababu mtoto analia na zamu inaanza saa moja. Wanalijua hilo, ndiyo maana wanatuzungusha. Safari hii tusiseme yaishe.

Leo jioni toa kadi yako ya waranti uisome. Kama haina muhuri, kesho kaugongeshe kabla betri haijafa. Mtumie post hii shemeji anayetaka kununua gari. Sehemu ya 5: mkanda wa gari na kiti cha mtoto.